Umekata mwanzoni, kimeharibika mwisho: tuelewane kuhusu modi za taimlaini

Harusi zinapofuatana mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, huku Lamu simu yangu hailali. Si wateja peke yao wanaopiga, ni wadogo zangu wanaojifunza kuediti, na swali ni lile lile kila mwaka kwa maneno tofauti: dada, nimetoa kipande kidogo tu pale mwanzoni, mbona huko mbele kila kitu kimehama? Mmoja aliapa laptopu yake imeingia virusi. Mwengine alifuta programu akaiweka upya mara mbili, usiku kucha, na harusi ya watu inangojwa. Na wako walioambiwa eti ni kwa sababu programu yenyewe ya bure, wakinunua ya pesa haitatokea tena, na hilo linaniuma kwa sababu mtu anaenda kukopa pesa ya kutibu ugonjwa ambao hana.

Mimi mwenyewe yalinipata, tena kwenye video ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona vibaya. Ilikuwa kupamba, ile sherehe ya kumpamba bibi harusi, upande wa wanawake, sisi tu na kamera zetu, video ya dakika 52 ambayo haitoki nje ya familia, inapelekwa kwa mkono kwenye flashi. Nikaipeleka nikiwa na furaha. Jioni mama wa bibi harusi akanipigia, kwa upole kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, mbona vugo lalia kabla hawajalipiga?" Vugo ni ile pembe inayopigwa kwa kijiti. Nikarudi nikaangalia. Kweli. Kuanzia dakika ya 7 hivi mpaka mwisho, pembe inasikika kwanza ndio kijiti kinashuka, mama anacheka ndio mdomo unafunguka baadaye. Programu haikuwa na kosa lolote, ilifanya kile nilichoiambia ifanye, shida ni kwamba sikujua nimeiambia nini.

Basi tuanze chini kabisa, maana wengi wanarukia vifungo kabla hawajajua wanashika nini.

Taimlaini ni lile eneo la chini kwenye skrini lenye mistari mirefu ya kulala, kushoto ndio mwanzo wa video yako, kulia ndio mwisho. Kila mstari mmoja wa kulala unaitwa treki, kuna treki za picha na treki za sauti, na kile kipande unachoweka juu ya treki ndio klipu. Fremu ni picha moja iliyosimama, ukizipitisha haraka haraka ndio macho yanaona mwendo, na televisheni zetu Kenya zinatumia mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, kwa hivyo fremu moja inachukua milisekunde 40 tu. Weka hiyo namba kichwani, tutairudia.

Sasa modi ya kuediti ni nini? Watu wanadhani ni vifaa, kama kisu na mkasi, kila kimoja na kazi yake. Mimi naona ukiiangalia hivyo utachanganyikiwa maisha. Modi ni jibu la programu kwa swali moja tu: ukigusa kitu hapa, nani mwengine asogee? Basi. Na hilo swali lina sehemu mbili, moja ni ya mbele na nyuma kwenye treki ile ile, ya pili ni ya juu na chini, yaani treki nyengine. Karibu kila vurugu niliyoitwa kuitengeneza ilikuwa mtu amejibu sehemu ya kwanza akasahau ya pili.

Tuchukue ya kwanza. Fikiria madumu yamepangwa foleni mferejini. Wewe umekuja na dumu lako unataka liwe la tano. Ukilichomeka hapo, la tano la zamani linakuwa la sita, la sita la saba, mpaka la mwisho, kila moja limerudi nyuma kidogo, hakuna dumu lililopotea ila foleni imerefuka. Hiyo ndio inseti. Njia ya pili, unaliondoa lile la tano unaweka lako pahali pake. Walioko nyuma hawana habari, hawajasogea hata kidole, foleni ina urefu ule ule, ila kuna dumu moja limetolewa. Hiyo ndio ovaraiti. Na ikiwa dumu lako ni kubwa kuliko lile uliloliondoa, basi linachukua na nafasi ya la jirani, kwa hivyo ukiweka klipu ya sekunde 6 juu ya klipu ya sekunde 4 kwa ovaraiti, ile ya pili yake italiwa sekunde 2 za mwanzo, na hapa ndio wengi wanapiga kelele "imenikatia".

Kuondoa nako ni vile vile. Ukitoa dumu la tano ukaacha pengo, wengine wote wako pale pale, na kwenye video pengo hilo ni giza. Ukilitoa halafu ukawasukuma wote mbele kuziba pengo, hiyo ni ripuli, kufuta na kuvuta. Kitu cha kuchunga ni kwamba programu hazikubaliani kuhusu kitufe. Kwenye Premiere Pro ukibonyeza tu Delete unaacha pengo, ukitaka kuvuta unashika na Shift. Kwenye DaVinci Resolve ni kinyume, Delete ndio inavuta, Backspace ndio inaacha pengo. Kwa hivyo mtu aliyezoea moja akikaa kwenye nyengine anafuta kwa vidole vilivyozoea na hajui kwamba ameburuta kila kitu. Nimeona watu wakigombana ofisini kwa jambo hili, kila mmoja akiamini mwenzake kaharibu kazi.

Kuingiza pia, Premiere Pro ukibonyeza koma ni inseti, ukibonyeza nukta ni ovaraiti, yaani vitufe viwili vinavyokaa jirani kabisa na kazi zao ni mbingu na ardhi. Resolve ni F9 kwa inseti na F10 kwa ovaraiti. Ukiburuta klipu kwa mausi kwenye Premiere Pro bila kushika kitu chochote, inafunika, ukishika Ctrl ndio inachomeka. Kdenlive, ambayo ni ya bure na mimi naipenda kwa sababu inaenda hata kwenye laptopu kuukuu, ina modi tatu unazochagua kwenye upau wa taimlaini: ya kawaida, ya kufunika na ya kuchomeka. Ile ya kawaida ndio ya salama, kwa sababu ukitaka kuweka klipu juu ya nyengine inakataa, haisukumi wala haifuniki. Anayeanza namwambia akae hapo kwanza wiki mbili tatu mpaka mkono uzoee.

Kuna hofu moja nataka niitoe hapa. Watu wanaogopa ovaraiti wakidhani inafuta video kwenye kadi au kwenye diski. Haifuti. Taimlaini haibebi video yenyewe, inabeba maagizo tu: chukua faili hii, anza hapa, ishia hapa, kisha nenda faili ile. Ukifunika umebadilisha agizo, faili yako iko pale pale ulipoiweka, na kile kilicholiwa ukivuta ukingo wa klipu kinarudi. Kinachopotea ni mpangilio, na mpangilio unarudi kwa Ctrl na Z, mradi umegundua mapema. Mimi sikugundua mapema.

Kuna jambo jengine linalochanganya hasa wale walimu wetu wazee waliofanya kazi enzi za kanda. Wao ukiwaambia inseti wanaelewa kitu kengine kabisa, na hawajakosea. Wakati wa kanda za video, inseti maana yake ilikuwa kurekodi picha mpya juu ya ya zamani kwa urefu ule ule, katikati ya kanda, bila kugusa kilichoko mbele na nyuma. Yaani ile tunayoiita leo ovaraiti! Kanda huwezi kuisukuma irefuke katikati, ina urefu wake, unaweza kurekodi juu yake tu. Ila wale wa filamu za kukata kwa wembe na kubandika kwa utepe wao ilikuwa ni kusukuma, ukibandika kipande katikati filamu inarefuka kwa urefu wa kile kipande, hakuna namna nyengine. Programu za kompyuta zilipokuja, Avid ilitoka mwaka 1989, zikabeba njia zote mbili, na jina la inseti likaangukia upande wa kusukuma. Kwa hivyo mzee akikwambia "ingiza kwa inseti, haitahamisha kitu", usimbishie, muulize kwanza anasema ya kanda au ya kompyuta.

Sasa sehemu ya pili, ya treki nyengine, na hapa ndio nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio watu wanaumia.

Umewahi kuona mkeka unavyotengenezwa? Mama hafumi mkeka mzima kwa pamoja, anasuka kwanza ukili, utepe mrefu mwembamba, halafu zile kili zinashonwa ubavu kwa ubavu. Ukiwa ni mkeka wa rangi, nakshi ya ukili mmoja lazima ikutane na nakshi ya ukili wa pili. Sasa kata ukili mmoja katikati, uongeze kipande cha urefu wa kidole, halafu ushone tena. Kabla ya pale ulipokata nakshi ziko sawa. Kuanzia pale mpaka mwisho wa mkeka, kila ua limesogea kidole kimoja. Hujaharibu ua lolote, yote yako mazima, ila hayakutani tena. Treki zako ni hizo kili. Picha ukili mmoja, sauti ya kamera ukili mwengine, sauti ya rekoda, yaani kile kifaa cha pembeni cha kurekodi sauti, ukili wa tatu, muziki wa nne. Ukiongeza au kupunguza kwenye mmoja peke yake, kila kitu kutoka hapo kwenda mbele kinakosana na wenzake. Ndio maana unakata mwanzoni na kinachoonekana kuharibika ni mwisho.

Kwa hivyo programu zinakupa njia ya kusema treki zipi zisogee pamoja. Premiere Pro inaiita sinki loku, alama ndogo pembeni mwa kila treki. Shotcut ina kitufe cha ripuli na kengine cha ripuli ya treki zote. Ikiwa imewashwa, ukisukuma picha fremu 12, na sauti zote zinasukumwa fremu 12, uzi wa mshono unashikilia. Na pembeni kuna alama nyengine, ya kufuli, na hapa masikini ndio nilipoangukia mimi. Nilidhani kufuli inalinda. Nilikuwa nimeshapanga sauti ya rekoda vizuri na picha, nikaogopa kuigusa kwa bahati mbaya, nikaifunga kufuli, nikawa na amani. Halafu dakika ya 7 nikarefusha klipu ya mikono ya hina kwa ripuli, fremu 12 tu, kwa sababu ilikuwa inakatika kabla ua halijaonekana lote. Ripuli si ya kufuta tu, ukirefusha inasukuma: picha zote zilizofuata zikasogea kulia fremu 12, zikachelewa. Sauti ya rekoda ikabaki palepale, imefungwa, haiwezi kusogea. Piga hesabu, 12 mara milisekunde 40 ni milisekunde 480, karibu nusu sekunde. Pembe ikatangulia kijiti.

Kwa hivyo tafadhali shika hili: kufuli inamaanisha usisogee kabisa, hata wenzako wakiondoka. Sinki loku inamaanisha ondoka na wenzako. Ni vitu viwili vinavyopingana na vimewekwa karibu karibu. Kufuli ni nzuri ukiwa kwenye ovaraiti, kwa sababu hapo hakuna anayesukumwa, unafunga treki ili mkono usiteleze ukafunika kitu. Ukiwa kwenye inseti au ripuli, treki iliyofungwa ndio itakayoachwa nyuma.

Lakini pia si kila treki inatakiwa isogee, na hapa hakuna sheria, ni akili yako. Ukiwasha sinki loku kila pahali halafu ukachomeka picha ya sekunde 4 katikati ya video, programu itaukata na muziki wako pale pale na kuufungulia pengo la sekunde 4, qaswida inakatika katikati ya neno. Muziki uliowekwa juu haujafungamana na mdomo wa mtu, kwa hivyo treki hiyo mimi naizimia sinki loku, iendelee na safari yake. Lakini ikiwa ni sauti ya matari yaliyopigwa pale pale na mikono inaonekana ikipiga, hiyo si muziki wa juu, hiyo ni picha kwa jina jengine, lazima iende na picha. Najiuliza hivi: je, kuna mtu anaonekana akiitoa sauti hii? Akiwepo, inashonwa.

Wanaotumia CapCut watasema hawajawahi kuona haya yote. Ni kwa sababu treki kuu ya CapCut ina sumaku, ukitoa klipu zilizobaki zinavutana zenyewe, pengo halionekani, yaani umewekwa kwenye ripuli bila kuulizwa. Final Cut Pro nayo tangu 2011 imejengwa juu ya wazo hilo, vipande vya juu na vya chini vinaning'inia kwenye mstari mkuu na vinatembea nao. Kuna watu wanaidharau sumaku eti ni ya watoto, mimi sikubaliani, kwa video fupi za mtu mmoja anazungumza inaokoa saa nzima. Ila ukiwa na kamera mbili na rekoda pembeni, lazima ujue sumaku inavuta nini na inaacha nini.

Zimebaki zile nne ambazo majina yake yanatisha, lakini ukishaelewa swali la nani asogee ni rahisi. Ripuli ya ukingoni tumeshaiona, unafupisha au kurefusha klipu na wote wa mbele wanafuata. Roli ni kama kuhamisha kiambaza baina ya vyumba viwili: chumba kimoja kinapanuka, cha pili kinapungua, nyumba ina ukubwa ule ule, kwa hivyo hakuna anayehama. Hii ndio naitumia sana kwenye sauti, natenganisha sauti na picha yake kwanza, halafu nasogeza kiambaza cha sauti peke yake kushoto kidogo, nzumari inaanza kusikika wakati bado tunaona jahazi zimetia nanga forodhani, sekunde moja baadaye ndio picha ya zefe, yale maandamano ya harusi, inaingia. Mtazamaji hajui kwa nini imemgusa, ila imemgusa.

Slipu ni dirisha. Umekaa ndani, zefe inapita nje. Dirisha haliongezeki wala halisogei ukutani, unachochagua ni kipande gani cha zefe kionekane ndani yake, wale wa mbele wenye bendera au wale wa nyuma wenye matari. Klipu inabaki pahali pake na urefu wake, kinachobadilika ni sehemu gani ya rekodi inaonekana. Bibi harusi amefumba macho pale pale unapotaka aangalie? Slipu fremu 10 mbele, amefumbua, na hakuna kitu chengine kilichoguswa. Watu wengi wanaifuta klipu nzima na kuikata upya kwa jambo la sekunde mbili.

Slaidi siitumii sana. Watu watatu wamekaa barazani wamebanana, wa katikati akisogea kulia, wa kushoto anapata nafasi ya kujinyoosha na wa kulia anabanwa, baraza ni ile ile. Ndio hiyo.

Mimi siku hizi kazi naigawa mara mbili. Mwanzo kabisa, ninapotoa takataka, kamera ikiangalia sakafu, watu wakipanga viti, nafanya kwa ripuli na sinki loku imewashwa kila treki, hakuna muziki bado, hakuna kilichofungwa kufuli. Muziki ukishaingia na mikato imeshafuata mapigo, naacha kusukuma. Kuanzia hapo ni ovaraiti, roli na slipu tu, ama naweka klipu kwenye treki ya juu, ambayo inafunika bila kula kilichoko chini, kama kutandika mkeka juu ya mkeka.

Na ikiwa imeshaharibika, usianze upya. Klipu ambayo picha na sauti yake bado zimeunganishwa, Premiere Pro inakuandikia namba nyekundu juu yake, ni fremu ngapi imepotea. Sauti ya rekoda haina namba hiyo, kosa lake litafute kwa kugawa nusu. Nenda katikati ya video, angalia mtu anapiga makofi au anasema neno lenye "ba" au "pa", midomo ikifunga unaona. Iko sawa? Basi kosa liko nusu ya pili. Haiko sawa? Liko ya kwanza. Gawa tena, gawa tena, mara sita saba umefika kwenye mkato wenyewe. Yangu nilianzia dakika ya 26, mbovu, nikaenda 13, mbovu, 6 na nusu, nzuri, na baada ya hapo haikuchukua muda nikaona ile mikono ya hina. Nikafungua kufuli, nikachagua sauti yote kuanzia pale kwenda mbele, nikaisogeza fremu 12, nikaangalia video nzima dakika zote 52 bila kuruka, na asubuhi nikapanda boti kwenda Shela na flashi mpya. Yule mama aliikalia pale pale mbele yangu mpaka vugo likapigwa.